Mume wangu anataka tuuze pikipiki tumnunulie mtoto mashine ya kutembea

Shikamoo Mama.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Muheza. Nakuandikia kuhusu huyu wa pili, wa kiume, ana miaka sita na nusu. Alizaliwa kwa shida. Uchungu ulinishika tangu jioni, akatoka kesho yake adhuhuri, na hakulia. Wakamsaidia hewa, akakaa wodi ya watoto wachanga siku tisa. Alipotimiza mwaka bila kukaa ndipo tukaambiwa ana mtindio wa ubongo.

Akili anayo. Anaongea, japo maneno yanatoka kwa kuvutwa, na ukimtuma ahesabu chenji anamshinda dada yake. Tatizo ni miguu. Kwenye kigoda anakaa mwenyewe, anasimama akishika ukuta, na nikimshika mikono yote miwili anatembea kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe. Lakini magoti yanapishana kama mkasi, na anakanyagia ncha za vidole. Raba zake zinaisha mbele tu. Kisigino unakikuta kipya kabisa, ncha imetoboka. Kila miezi miwili nanunua nyingine.

Mtoto alipofika miaka mitatu, mama mkwe wangu alichimba shimo nyuma ya nyumba, akawa anamsimamisha humo na kumfukia mchanga mpaka kiunoni, asubuhi na jioni. Mtoto alilia sana, nikakataa. Mpaka leo mama mkwe husema ningevumilia siku zile, mtoto angekuwa anatembea.

Sasa mwezi uliopita wifi yangu aliyeko Muscat ametutumia video. Mtoto kavalishwa mikanda kifuani na mapajani, ananing'inia juu ya mashine ya kukimbilia kama zile za jimu, chini mpira unazunguka na miguu inapiga hatua. Mwisho wa video anatembea peke yake hadi kwa mama yake. Nililia, Mama. Wifi yuko tayari kutoa nusu ya bei. Tumeulizia Dar, mashine ni milioni mbili na laki nane. Mume wangu ni bodaboda, na anasema tuuze pikipiki tujazie, Mungu atatupa nyingine.

Kuna pia kituo cha binafsi mjini chenye mashine hiyo. Wanataka shilingi 35,000 kila zoezi, tulipie mazoezi 36 kwa mkupuo, na aliyetupokea alituambia miezi mitatu mtoto atakuwa anatembea mwenyewe. Na shule nao wamesema tumlete akishaanza kutembea.

Zamani nilikuwa nampeleka hospitali kila wiki. Niliacha, kwa sababu walikuwa wanamlaza na kumnyoosha miguu dakika ishirini, analia, tunarudi nyumbani, basi.

Nifanyeje? Tununue, au tulipie kituo? Nikisema hapana, nitaonekana nimekataa mara ya pili.

Mama wa watatu, Muheza

*

Marahaba mwanangu.

Pikipiki msiuze. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua baba watoto huenda ameshaanza kutafuta mteja. Mengine tutaongea taratibu.

Mashine uliyoiona si utapeli. Nimefanya kazi ya mazoezi tiba zaidi ya miaka thelathini na nimewapandisha watoto juu ya tredimili, yaani hiyo mashine ya kukimbilia, mimi mwenyewe. Chanzo chake kinachekesha kidogo, maana kilianzia kwa paka. Miaka ya 1970 na 1980, watafiti wa Sweden na Kanada waligundua kwamba paka aliyekatwa uti wa mgongo, akiwekwa juu ya mkanda unaozunguka huku ameshikiliwa, miguu yake ya nyuma inapiga hatua. Yaani uti wa mgongo una ngoma yake ya kutembea hata bila amri ya ubongo. Wakaanza kuwajaribu watu waliovunjika mgongo, kisha waliopata kiharusi, na mwaka 2000 madaktari wa Austria wakatoa taarifa ya watoto 10 wenye mtindio wa ubongo, waliokuwa hawatembei au wanatembea kwa kushikiliwa. Walifanya dakika 25, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Kusimama kukaimarika, na kutembea pia.

Habari njema, sivyo? Ila hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha. Watoto wale wasingening'inizwa, lakini wakatembezwa chini kwa muda uleule, ingekuwaje?

Swali hilo Waaustralia walilifanyia kazi, wakatoa majibu mwaka 2010. Walichukua watoto 34 walio kama wako, na wengine wenye hali nzito zaidi. Nusu wakatembea juu ya tredimili wakiwa wamening'inizwa, nusu wakatembea sakafuni na vifaa vyao vya kujishikilia. Mara mbili kwa wiki, wiki 9, palepale shuleni kwao. Waliomaliza walikuwa 26. Walioning'inizwa hawakuwashinda wa sakafuni.

Soma hapo tena. Hakuna aliyesema mazoezi ya kutembea hayafai. Kilichoonekana ni kwamba dawa ni hatua zenyewe, mtoto anapopiga nyingi, kwa nguvu zake, siku baada ya siku. Mashine ni njia mojawapo ya kuzipata hizo hatua. Inamsaidia sana mtaalamu mwenye watoto kumi kwenye foleni na mgongo unaomuuma, na mtoto mzito asiyeweza kushikiliwa na mtu mmoja. Na kwa mtoto anayetembea tayari bila kuning'inizwa, kuna dalili kwamba inamwongezea kasi. Ukipata nafasi kwenye hospitali ya umma kwa bei ya kawaida, mpandishe. Kuuza kitu cha kula nyumbani kwa ajili yake ndiko ninakokukataza.

Halafu hiyo video. Hukuniambia yule mtoto anaumwa nini, na nadhani hata wifi hajui. Nakuuliza kwa sababu tredimili ilipata sifa kubwa kwa watoto wachanga wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 uliwapandisha kwenye mashine ndogo nyumbani, dakika nane kwa siku, siku tano kwa wiki, wakishikiliwa na wazazi. Wakaanza kutembea wenyewe siku 101 mapema kuliko wenzao, kwa wastani. Lakini watoto hao karibu wote hutembea hatimaye. Mashine iliwawahisha safari ambayo wangeifika. Safari ya mwanao ni nyingine, na video ya dakika mbili haikuambii mtoto uliyemwona yuko safari ipi.

Sasa mashine ya milioni mbili na laki nane. Hiyo ni ya mtu mzima anayetaka kupunguza tumbo. Nyingi za aina hiyo, mwendo wake wa chini kabisa ni kama kilomita 1 kwa saa, au 0.8. Mtoto wako akianza atahitaji labda 0.3, na mashine za hospitali zinaweza kutambaa hivyo, ndiyo maana bei yake ni nyingine kabisa. Vishikio viko usawa wa kifua cha baba yake. Mikanda ya kuning'inizia haimo ndani ya boksi, na nimewahi kuona mafundi wakiitengeneza kwa kamba za kufungia mizigo, sitaki kukumbuka. Umeme ukikatika, mpira unasimama ghafla na mtoto anakwenda mbele na pua. Na mdogo wake akikaribia inapozunguka, vidole vinaweza kuingia kati ya mpira na chuma chake, na vidonda vya mashine hizo kwenye mikono ya watoto wadogo vinajulikana vizuri sana kwa madaktari wa majeraha ya moto.

Nikuchekeshe kidogo. Hospitali moja niliyofanyia kazi ililetewa tredimili ya msaada kutoka Marekani. Tulipiga picha, tukakata utepe. Fundi akaichomeka ukutani bila kusoma kibandiko, mashine ya volti 120 kwenye umeme wetu wa 230. Ikanguruma kama simba, ikatoa moshi, ikanyamaza moja kwa moja. Miaka iliyofuata tulianikia mashuka juu yake, na watoto waliendelea kutembea kati ya mabomba mawili ya maji yaliyochomelewa na fundi wa mtaani.

Kuhusu kile kituo. Mtu anayekuahidi kwamba mtoto wa miaka sita na nusu asiyetembea mwenyewe atatembea mwenyewe baada ya miezi mitatu, huyo muogope. Kuna kipimo cha ngazi tano kilichotengenezwa Kanada mwaka 1997, kinatumika dunia nzima. Ngazi ya kwanza mtoto anatembea na kupanda ngazi bila kushika, ya tano anabebwa au anasukumwa kwenye kiti. Kwa maelezo yako, nami sijamwona kwa macho, mwanao yuko ya tatu, ya watoto wanaotembea kwa kifaa cha mkononi. Waliofuatiliwa kwa miaka walionekana kufika karibu asilimia 90 ya uwezo wao wa viungo wakiwa na miaka mitano au chini yake, kila mmoja ndani ya ngazi yake. Kuruka kutoka ngazi moja kwenda nyingine ni nadra. Najua hilo linauma kulisoma. Lakini ndani ya ngazi yake bado kuna nafasi kubwa. Anaweza kwenda mbali zaidi, achoke kidogo zaidi, aanguke mara chache, na asihitaji mikono yako miwili kila anapotaka kwenda chooni. Mtoto anayetembea na fremu, kile kifaa cha kushikilia, anatembea, mwanangu. Usikubali mtu akuambie hiyo haihesabiki.

Kwa hiyo fremu ndiyo ya kuanza nayo. Mwombe wifi aelekeze fedha zake huko. Kwa mtoto wa namna yake, mara nyingi inayofaa ni ile inayokaa nyuma yake, anaivuta, kwa sababu inamfanya anyooke badala ya kuinama mbele. Pamoja nayo, splinti za plastiki za kushika kifundo ili kisigino kifike chini. Vyote viwili lazima apimwe na mtaalamu, kwa sababu splinti isiyomkaa vizuri itamchubua, na kesho yake ataificha uvunguni. Hospitali ya CCBRT Dar wanapokea watoto kama wake. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha watengenezaji wa vifaa hivyo tangu 1981. Kwa basi la kutoka Muheza, kote kunafikika.

Siku hiyohiyo omba picha ya nyonga. Wazazi wengi hawaambiwi hili. Zaidi ya theluthi moja ya watoto wenye mtindio wa ubongo nyonga zao huanza kuchomoka taratibu, hasa ambao hawatembei sana, na mwanzoni haziumi. Kumtembeza mtoto mwenye nyonga inayotoka, iwe chini au juu ya mashine, kunaweza kumuumiza. Na kama amewahi kupata degedege au kifafa, mwambie mtaalamu kabla ya zoezi lolote.

Wakati unasubiri miadi, mwambie baba yake achimbie mianzi miwili uani, imelala sambamba, urefu wa hatua za mtu mzima sita au saba, kimo cha nyonga za mtoto, viwiko vyake vikunjike kidogo akishika. Hiyo ndiyo tredimili yake. Magoti yakipishana, mlazie ubao mwembamba katikati ya njia, mguu huu upande huu, mguu ule upande ule. Usimvute. Wewe kaa mwisho wa mianzi na kitu anachokitaka. Watoto wa Australia walifanya wiki 9, na nyinyi fanyeni wiki 9, ila nyinyi mko nyumbani, kwa hiyo iwe kila siku, dakika tano mara tatu, na mkiona anaweza ongezeni. Aende mwenyewe kununua chumvi dukani, na wewe nyuma yake umeshika kiuno cha suruali. Aende msalani kwa miguu hata kama kumbeba ni haraka zaidi. Hatua hizo zina faida kuliko za mazoezi kwa sababu zina sababu.

Na pima. Chora mistari miwili ya mkaa sakafuni, mita tano katikati. Siku ya kwanza hesabu kwa simu, anatoka mstari huu hadi ule kwa sekunde ngapi, ameshikwa mikono mingapi, amesimama kupumzika mara ngapi. Andika kwenye daftari la shule la dada yake. Rudia kila baada ya wiki tatu, saa ileile, viatu vilevile. Kituo chochote kitakachokuambia mtoto ameendelea bila kukuonyesha namba kama hizo, kinakuambia maneno tu.

Uliacha kwenda hospitali kwa sababu ya kunyooshwa. Sikulaumu. Kumlaza mtoto na kumvuta miguu dakika ishirini huku analia ni mazoezi ya mtaalamu, mtoto hakufanya kitu. Rudi, lakini safari hii sema, "Nataka mnifundishe kumtembeza." Mtaalamu mzuri atafurahi. Asiyefurahi, omba mwingine.

Mama mkwe wako sasa. Nimekutana na shimo hilo Pwani, nimekutana nalo Singida, na nimeambiwa hata Kenya lipo. Asikudanganye mtu kwamba bibi yule alikuwa mjinga. Aliona kitu cha kweli, kwamba mtoto anahitaji kubeba uzito juu ya miguu yake. Mashine ya wifi inatokana na wazo lilelile. Kilichokosekana ni hatua. Mchanga unamshika mtoto kuanzia kiunoni kushuka chini asisogee, wakati ile mikanda inamshika kuanzia kiunoni kwenda juu ili miguu iwe huru. Na mtoto anayelia hakakamai kidogo, anakakamaa mara mbili. Ulipomtoa shimoni ulifanya sawa. Lakini usiende kumshinda kwa maneno. Mpe kazi. Mwambie, "Mama, ulisema asimame, mtaalamu naye kasema asimame. Njoo ukae mwisho wa mianzi." Bibi mwenye kipande cha muwa mkononi ni mtaalamu mkubwa kuliko mimi. Na siku ukimpata ametulia, mwambie pia kwamba tatizo lilianza mtoto alipochelewa kupata hewa, huenda akaacha kutafuta wa kumlaumu.

Shule wamekosea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inampa mtoto wako haki ya kusoma pamoja na wenzake, na haikuweka sharti la kutembea. Mtoto anayehesabu chenji kuliko dada yake anakaa nyumbani akisubiri miguu? Nenda na mwenyekiti wa mtaa, nenda na barua ya hospitali, na ukikataliwa tena panda kwa ofisa elimu wa wilaya. Omba vitu vidogo. Akae karibu na mlango, apewe kiti chenye mgongo, na mtu amsindikize chooni. Wenzake watagombania hiyo kazi, utaona.

Na ataendaje shule kila asubuhi? Kwa pikipiki ya baba yake, amekaa mbele, ameshikwa. Ndiyo hiyo mliyotaka kuiuza. Mwambie mumeo hivyo, na umwambie usiku, wakati watoto wamelala, bila kuanza na neno "hapana". Anza na fremu, na kiasi atakachotoa dada yake, na mianzi anayotakiwa kuikata Jumamosi. Mwanaume aliyekuwa tayari kuuza riziki yake kwa ajili ya mtoto anachotaka ni kitu cha kufanya kwa mikono.

Wifi naye mwandikie vizuri, usimfanye ajute kutuma video.

Baada ya wiki 9 niandikie tena. Nitumie sekunde za mwanzo na za mwisho, na upige picha soli za raba alizokuwa anavaa, zote mbili, nione kama kisigino kimeanza kulika.